Namba Niliyoikwaruza Ndani ya Kompteri

Nsimire mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia uchemshe maji, usilale na dirisha wazi upande wa ziwa, na usimwazime mtu sufuria. Hapo sina la kuongeza. Yeye yuko chumbani anakunja vitenge vyako kwa mara ya tatu, nami nimekaa kwenye meza yangu ya kutengenezea saa. Nimesukuma pembeni vioo na vigurudumu vya watu nipate pa kuweka karatasi. Jua bado liko juu ya Kadutu. Nataka kumaliza kabla halijazama, maana nikiacha mpaka kesho nitapata kisingizio.

Naanza na jambo lenyewe nisije nikazunguka. Leo asubuhi, baada ya misa ya kwanza, mbele yako, mbele ya Padri wenu wa Kalehe na mbele ya mwenye gari, nilisema kompteri ya lile gari ni nzima na namba zake ni za kweli. Nilidanganya. Gari lile limetembea mbali sana kuliko inavyosema ile saa ya mwendo iliyo mbele ya usukani. Tena sikukisia. Najua, kwa sababu mtu wa kwanza kuzirudisha nyuma namba zake nilikuwa mimi.

Soma tena ukitaka. Mimi nimeiandika mara moja tu, sitairudia.

Unakumbuka ulivyorudi mwezi uliopita, ulipokwenda kujionyesha kwenye dispansari watakayokupa. Hukusema habari ya nyumba wala ya mshahara. Ulisema habari ya wanawake wanaobebwa kwenye tipoyi, ile machela ya miti, kutoka milimani, wakifika barabarani wakae chini kungoja lori litakalokubali kuwapeleka hospitali ya Katana, na kwamba mmoja alijifungua palepale penye vumbi na mtoto hakulia. Ulipoeleza hivyo hukula. Kisha ukasema parokia imepata gari kuukuu la mazutu, la dizeli, lile refu ambalo viti vya nyuma vinalala na mgonjwa anapata pa kunyoosha miguu, ila Padri hataki kulinunua mpaka mtu anayejua athibitishe kompteri. Nawe ulikwisha kumjibu, ukanisimulia huku unacheka kwa furaha:

"Nilimuambia, papa yangu njo horloger. Kompteri nayo iko saa tu. Ataifungula, atatuambia kweli."

Basi leo nikaifungua.

Nilianza kulichukia gari lile kabla ya kuligusa. Yule mwenye gari, Citoyen Lwango, na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, alifika akasimamisha gari kwenye kiwanja chetu, akaanza kusifu rangi. Nyeupe, mpya, hata juu ya mpira wa mlango ilikuwa imedondoka. Niliweka mkono juu ya bonneti. Ilikuwa ya moto sana, na yeye alisema ametoka hapo Ibanda tu. Mtu anayeuza mazutu iliyochoka huiwasha mapema, aizungushe mjini, ili ikija kwako iwake kwa kuguswa tu. Injini ya mazutu ikiwa baridi haijui kuficha umri. Ikishapashwa moto inaimba.

Nikafungua mlango. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vipya. Nikainama kutazama pedali, na kwenye freni na ambreyaji, ile klachi, kulikuwa na raba mpya, nyeusi ti, bado zina harufu ya duka. Mwanangu, nani hubadilisha raba ambazo hazijaisha? Gari lililotembea kidogo lina raba zake za kuzaliwa, zimelika kidogo pembeni, upande ambako soli ya kiatu cha dereva hukanyaga. Lwango akaona natazama.

"Muzee, hii gari haijachoka hata," akasema. "Iko na septante et un mille tu. Angalia weye mwenyewe."

Elfu sabini na moja. Padri alikuwa amefunga mikono nyuma, anakutazama wewe, nawe unanitazama mimi. Nikachomoa kompteri, nikaitenganisha na waya wake, nikaileta hapa mezani nikaweka lenzi jichoni. Namba hazikusimama kwenye mstari mmoja. Saba ilikuwa imepanda juu kidogo ya moja. Ni kazi ya mtu aliyetumia msumari au pini ya nywele, na kichwa cha skrubu moja kimeparuzwa vibaya. Hapo nilishapata jibu la kuwapa, wala sikuhitaji kuendelea. Lakini mkono wangu una mazoea yake. Ukageuza, ukafungua kifuniko cha nyuma.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na M.B., na chini yake namba: 287 400.

Utaniuliza mwizi gani huandika jina lake mahali alipoiba. Ni fundi wa saa, mwanangu. Mzungu aliyenifundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja kuliko yote: kila saa unayoifungua, ukwaruze ndani ya kifuniko, mahali ambapo mwenye saa hatatazama maisha yake yote, alama yako na kile ulichokikuta. Si kwa ajili ya mteja. Ni kwa ajili ya fundi atakayefungua baada yako, asidanganyike. Nimefungua saa za maaskari, za masista na za wanunuzi wa kahawa, na humo ndani nimekuta alama za watu waliokufa zamani, nikawasalimu kwa kichwa. Niliona ni ustaarabu mkubwa. Leo nimeona kinyaa chake. Maana yake ni kwamba sisi mafundi tuliambiana ukweli kwa siri, juu ya kichwa cha mtu aliyetuletea saa yake kwa imani.

Sasa nikusimulie siku yenyewe. Ilikuwa baada ya Mzungu yule kuondoka, wakati maduka yalipopewa wenyeji. Duka la saa lilipewa bwana mmoja aliyekuwa hajui hata kutia saa ufunguo. Nilimcheka moyoni kila siku, nikajiona mimi ndiye duka. Alipata na gari la mazutu pia, la kijani, refu, katika hayohayo mabaki ya watu walioondoka. Lilikuwa limetumika kupanda na kushuka barabara ya Uvira mpaka limelegea. Akanijia na kompteri mkononi, imefungwa kwenye gazeti.

"Mugisho, unaweza kuirudisha nyuma bila mutu kuona?"

"Naweza, patron."

Ndiyo mazungumzo yote. Watu hudhani kabla ya jambo chafu mtu hushindana na nafsi yake, jasho linamtoka. Uongo. Mimi sikushindana na mtu. Hakunitisha, wala nyumbani hamkuwa na njaa siku hiyo. Aliniuliza kama naweza, na katika mji wote hapakuwa na mwingine aliyeweza. Nilifurahi, Nsimire. Nilitoa mshale, nikatoa bamba la namba, nikainua ule mhimili mdogo, nikazungusha kila gurudumu peke yake mpaka 92 ikasimama kwenye mstari ambao hata kiwandani wangeuonea wivu. Nilipiga mluzi nikifanya. Kisha, kwa kuwa mimi ni fundi mwaminifu, nikakwaruza namba ya kweli ndani ya kifuniko na alama yangu juu yake. Hilo ndilo neno nililolisema moyoni, mwaminifu. Nikilikumbuka natamani kutema mate.

Gari la kijani likanunuliwa na Mwalimu Bashige wa Nyantende. Unamjua, yule mrefu anayepita hapa siku za soko na kukuita muganga tangu ukiwa na meno ya maziwa. Alitaka kuleta maharage na mihogo ya watu wa kwao mjini ili wasibebe mgongoni. Aliposikia kwamba kompteri ilipita mikononi mwangu, alifurahi. Alidhani niliikagua. Akaja na kuku, jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa ukambaa wa mgomba, akampa mama yako kwa mikono miwili.

"Aksanti, fundi," akaniambia. "Sasa nitalala. Kama ilipita kwa mikono yako, iko kweli."

Tulimla Jumapili. Wewe ulikula paja. Mimi nilikula shingo na mgongo, nikaramba vidole, nikaomba ugali mwingine.

Gari halikumaliza misimu miwili ya mvua. Kwanza lilianza kunywa mafuta ya injini, kisha moshi wa bluu, kisha likaanza kukataa mlima likiwa na mzigo, na siku moja likafia njiani na maharage ya watu yakanyeshewa mpaka yakaota kwenye magunia. Mwalimu akalisukumia mtu mwingine. Wenzake wa Nyantende walimnunia mwaka mzima. Akaja hapa, akakaa kwenye kiti hicho ulichoning'inizia koti lako la safari.

"Fundi, miye sijue kuendesha," akasema. "Gari mupya vile, nimeiua na mikono yangu. Batu ba kwetu banasema njo miye niliiharibu, na banasema kweli."

Nami nikamjibu, "Pole, Mwalimu. Inafikaka."

Inafikaka! Eti hutokea tu! Mtu mzima amebeba lawama yangu, anatembea nayo kwa miguu kutoka Nyantende mpaka hapa ili kuniomba radhi kana kwamba ameharibu kazi yangu, nami nikampa pole. Mpaka leo hajashika usukani tena. Mpaka leo ananisalimu kwa mikono miwili. Nilipata miaka ya kumwambia na sikumwambia, na kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi. Mambo yote niliyoyafanya, hakuna linalonichukiza kama ile pole.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naijua kuliko wao, niliifupisha kwa mikono yangu.

Basi, asubuhi ya leo. Nimeshika kifuniko, natazama alama yangu chini ya lenzi. Unajua nini kilinikasirisha kwanza? Si wizi. Nilikasirika kwamba aliyekuja baada yangu alifanya kazi mbaya. Mimi niliacha elfu tisini na mbili, Mwalimu akatembea yake juu ya hizo, kisha mtu akaja akateremsha mpaka sabini na moja na kuziacha zimepinda kama meno ya mzee, wala hakuwa na adabu ya kukwaruza alichokikuta. Nilichukizwa na ufundi wake kabla ya kuchukizwa na nafsi yangu. Ndivyo nilivyooza, mwanangu, mpaka huko.

Kisha ukasema, "Papa? Iko bien?"

Sauti yako ilikuwa na fahari. Ulikwisha kuniweka juu ya meza kama sanamu. Kusema "imerudishwa" kungeleta swali, na swali lingemfanya Padri aombe kuona, na kifuniko kilikuwa wazi mkononi mwangu, na herufi zile wewe unazijua tangu utotoni, zimo ndani ya saa yako mwenyewe. Nikafunga kifuniko. Nikakaza skrubu moja moja, polepole, nikisubiri labda ulimi utapata njia nyingine.

"Iko sawa," nikasema. "Namba ni za kweli."

Padri akanishika mkono. Lwango akacheka kwa sauti kubwa, nikajua anashangaa bahati yake. Saa saba wakaondoka na gari kwenda Kalehe ili wazee wa parokia walione, nawe ukasema utawakuta huko kesho kwa lori, na kwamba karatasi itangoja saini yako, kwa kuwa wewe ndiye muuguzi na baba yako ndiye aliyekagua.

Nilitaka kukuambia wakati wa chakula. Nilikwisha kufungua mdomo. Ukaniwekea sombe, kijiko juu ya kijiko, ukasema, "Papa, bila weye ningefanya namna gani?" Mama yako akacheka. Nikala. Inaonekana nina tabia ya kula kila ninapopaswa kusema.

Nimefikiri pia kupanda lori nawe kesho. Lakini najijua. Njiani nitaanza kulipamba neno. Tukifika Katana litakuwa kosa dogo la ujana, tukifika Kalehe nitakuwa nawaeleza wazee jinsi namba zinavyosimamishwa kwenye mstari, nao watanisifu. Karatasi haiwezi kujipamba njiani. Kwa hiyo naituma karatasi.

Sikuandikii ili uwe mkweli. Aliyekula jogoo yule hana kinywa cha kuhubiri. Nakuonyesha tu uongo wangu ulivyoundwa, kama ninavyokuonyesha saa iliyofunguliwa, uutambue ukikutana na ndugu yake. Haukuja na njaa wala na bunduki. Ulikuja na sifa. Wewe umerithi mikono hii. Nilikutazama ulipomshona yule jirani kidole, mshono hauonekani. Kule watakusifu, na iko siku mtu mwenye cheo atakujia na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akuulize tu kama unaweza. Siku hiyo usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka.

Na kuhusu gari, sisemi wasilinunue. Sijui. Labda katika mifupa yake bado mna nguvu. Kesho litakuwa limelala usiku kucha kwenye baridi ya ziwa, na hiyo ni bahati yenu. Fika, weka mkono juu ya bonneti kabla ya kumpa Lwango mkono. Kama ni ya moto, mwambie utangoja ipoe, hata mpaka jioni. Kisha liwashwe mbele ya wote na mtazame moshi. Lakini lazima walinunue likiwa na umri wake. Gari zee likijulikana ni zee hutunzwa kama mzee, halibebeshwi, halikimbizwi mlimani, hutazamwa mafuta kila asubuhi. Likidhaniwa ni kijana litatwishwa mpaka lianguke. Mwalimu alilitwisha maharage kwa sababu aliniamini. Ninyi mtalitwisha mwanamke mwenye uchungu, mahali fulani kati ya Kalehe na Katana, na wewe utakuwa nyuma umemshika mkono. Likifa hapo, utajilaumu wewe. Nimekwisha kuona mtu akijilaumu kwa ajili yangu. Sitaki kuona wa pili, na zaidi ya yote sitaki awe wewe.

Jumatano nitakwenda Nyantende kwa Mwalimu Bashige. Nitakwenda kwa miguu, njia ileile anayotembea yeye. Sitabeba kuku. Kumpelekea kuku sasa ni kumfunga mdomo, na nataka awe na mdomo wa kunitukana.

Ndani ya bahasha hii nimeweka lenzi yangu na turnevisi, bisibisi yangu ndogo ya saa. Ni zile nzuri, si zile za akiba. Kompteri ina skrubu nne nyuma. Ile iliyoparuzwa itakusumbua, ibonyeze kwanza ndipo uizungushe. Kabla ya kuweka saini, mwombe Padri awaite wazee wote, na Lwango awepo, kisha uisome barua hii kwa sauti, tangu mwanzo, hata habari ya paja la kuku. Ukifika kwenye jina langu usilimeze. Najua utaona haya. Haya hiyo si yako, ila leo hakuna mtu mwingine wa kuibeba mpaka huko.

Kisha fungua kifuniko, mpe kila mmoja lenzi aone namba ya kweli kwa jicho lake. Watakuuliza huyu M.B. ni nani, mwizi gani huyu aandikaye jina lake. Wajibu: ni papa yangu.

Mugisho Bahizire